Mjomba Hajatuinua

Kilundwa, Uluguru
7 Februari 1911

Mikidadi, mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Kibwana, yule muuza maharage, na ukimwona anachechemea usimcheke. Mvua za vuli zimechelewa kuisha huku na njia inateleza vibaya. Sisi wazima. Mama naye mzima, isipokuwa masikio, na hayo nadhani huziba pale anapotaka mwenyewe.

Sasa nisikilize. Bwana Misitu amepita huku na vibarua wake, wakiweka mawe yaliyopakwa chokaa. Juu ya mawe ni msitu wa serikali, chini ya mawe ndiko kwetu. Mawe yamepita mbele ya mlango wa Mama, upande wa kushukia mtoni. Kwa hiyo nyumba yake, migomba, mahindi yaliyofika magotini na makaburi ya bibi zetu, vyote vimekuwa vya serikali. Tumeambiwa tuhame masika yasitukute. Pa kwenda hatukuonyeshwa.

Watu wa koo tatu wamekubaliana kushuka Morogoro wakakae mbele ya boma, kwa amani, mpaka Bwana Mkubwa awasikilize. Hatubebi jembe wala panga, hata fimbo ya Mama tutaiacha nyumbani. Kila mtu atashika jani bichi. Tutakwenda na watoto na wazee, asiwepo wa kusema tumekuja kupigana. Ile vita ya Maji Maji wakubwa wa boma bado wanaikumbuka, na sisi tunaikumbuka kuwapita.

Kila ukoo utasema kwa kinywa cha mjomba wake, na mjomba wetu ni wewe. Tangu Mjomba Pazi alipofariki, kigoda chake ulikirithi wewe, kwa kuwa ndiwe mwanamume pekee uliyebaki katika tumbo la bibi yetu. Najua ulikikalia siku ya matanga tu, ukarudi Dar es Salaam shuleni kwako, na baadaye ukavaa nguo za askari wa serikali. Lakini maneno ya ardhi yetu hayafunguliwi wala hayafungwi na mtu mwingine. Omba ruhusa ya siku moja, uvue hizo nguo, uje ukae nasi.

Felista wangu anakuamkia, shikamoo mjomba. Anauliza kama ni kweli tarumbeta la boma linapigwa na mtu mmoja tu, maana sauti yake akiisikia kutoka huku juu anadhani ni watu wengi.

Dada yako,
Scholastika


Morogoro
15 Februari 1911

Dada Scholastika, shikamoo.

Barua yako imenifikia na nimeielewa. Mimi sijambo na kazi yangu inakwenda vizuri.

Kuhusu shauri la kushuka bomani, nakuomba msishuke. Nyie mnafikiri watu waliokaa na majani mkononi wataonekana ni watu waliokaa na majani mkononi. Hapa wakiona watu wengi mahali pamoja, jambo la kwanza wanalouliza ni nani amewaita. Ombasha wetu, anayetusimamia sisi askari, hapendi kabisa kuona watu wamekusanyika, hata sokoni. Andikeni barua ya maombi, mimi nitaitengeneza iwe na maneno yanayotakiwa.

Ikiwa lazima mshuke, basi Andrea mumeo ndiye aseme. Ana sauti nzuri na misheni wanamjua. Mimi sitakuwapo, nimepangwa kusindikiza mizigo stesheni ya Ngerengere. Na hata kama mtamwona mtu anayefanana nami, tafadhali asiniite mtu kwa jina mbele ya wakubwa.

Mwambie Felista tarumbeta linapigwa na mtu mmoja, na mashavu yake akilipiga yanatosha watu watatu.

Mdogo wako,
Mikidadi


Kilundwa
20 Februari 1911

Mikidadi, marahaba.

Nimemsomea Mama barua yako. Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili alisikia, akaniambia nisirudie.

Andrea naye alipofika pale uliposema yeye ndiye aseme, alicheka mpaka akamwaga uji. Mwanamume aliyekuja kuoa kwetu akajenga kwetu, asimame kudai ardhi ya ukoo wetu? Ndugu zake wangeficha uso kwa aibu. Anakwambia hivi: yeye hapa ni mume wa watu, watoto atawabeba mgongoni mpaka mjini, ila maneno hayo hayabebi. Nadhani umekaa pwani siku nyingi, umeanza kufikiri kama watu ambao nyumba ni ya baba.

Tunashuka Jumatatu, tarehe 27, kabla Kwaresima haijaingia, maana kufunga na kutembea na watoto ni adhabu mbili. Kama utakuwa Ngerengere tutakaa tukungoje mpaka urudi. Mama anasema Ngerengere si Ulaya.

Usihofu. Tunakwenda kukaa chini, hatuendi kufanya kingine.

Dada yako,
Scholastika


Morogoro
3 Machi 1911

Dada Scholastika, shikamoo.

Nimerudi jana kutoka Ngerengere nikapata habari kwamba kulitokea fujo mbele ya boma. Nimesikitika sana. Nasikia yuko mtoto aliyeumia mkono. Naomba unijulishe kama ni wa kwetu.

Andrea wamemfungia. Nimeulizia habari zake: anakula na hajapigwa tena, na nadhani hawatamweka siku nyingi. Nimempelekea blanketi, sikusema limetoka kwa nani.

Lakini dada, kwa nini hamkuondoka? Mliambiwa mwende nyumbani mara tatu, na kwa Kiswahili kinachoeleweka hata na mtoto. Wenzenu waliondoka. Nyie mmekaa tu kama hamsikii.

Mdogo wako,
Mikidadi


Kilundwa
7 Machi 1911

Mikidadi,

Mtoto ni Felista. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Sista amemfunga kwa vijiti na kitambaa, anasema mfupa utaunga, ni mtoto. Mama ana bega limevimba na hasemi linauma, kwa hiyo najua linauma sana.

Ulikuwa Ngerengere ukajuaje Kiswahili cha amri kilieleweka? Usijibu. Tulikuona. Ulikuwa wa tatu kutoka mlingoti wa bendera, umeinamisha uso kama mtu anayetafuta sindano.

Nitakueleza ilivyokuwa upande wetu, kwa sababu wewe uliona migongo ya wenzako tu. Tulifika jua halijawa kali. Kila ukoo ukakaa mahali pake, majani mkononi. Watoto walikuwa na vibuyu vya maji ya kunywa, tuliyateka asubuhi ile mtoni. Ombasha wenu alipoviona akapiga kelele, maji, maji, na vibuyu ndivyo vilivyopigwa kwanza. Nilimwona mtu mzima na bunduki yake akiogopa kibuyu cha mtoto wa dada Bernadeta. Mahali pengine ningecheka.

Kisha Bwana Mkubwa akatoka barazani. Wajomba wa zile koo mbili wakasema yao. Akajibu kwamba msitu ni msitu, kila mtu arudi kwake. Wajomba wakanong'onezana, wakawainua watu wao, wakaanza kuondoka. Sisi tukabaki tumekaa. Amri ikaja mara ya pili, mara ya tatu, halafu vikaja viboko na vitako vya bunduki. Andrea aliwalalia watoto wawili wadogo. Felista aliweka mkono wake juu ya kichwa cha bibi yake, na ndio mkono uliovunjika. Hakulia. Alilia baadaye, ulipopita karibu yake usimtazame.

Sikukuona ukimpiga mtu wa kwetu. Nakuandikia hilo usije ukadhani huku tunakusingizia. Lakini ile Ngerengere imeniuma, Mikidadi. Ungeniambia tu kwamba unaogopa, ningekuelewa, mimi pia niliogopa.

Scholastika


Morogoro
11 Machi 1911

Dada, shikamoo.

Ni kweli, nilikuwapo. Sikupangwa Ngerengere, nilijipanga mwenyewe katika barua.

Nilifikiri hivi. Ikijulikana nyie ni watu wangu, watasema ndio walioleta fujo, kwa kuwa wana mtu wao ndani ya boma. Nikinyamaza mtakuwa watu kama wengine, mtaambiwa mwende na mtakwenda. Mbali na hayo, sikufikiri lolote. Kila amri ilipotolewa nilisema moyoni, sasa wanasimama. Nilimkazia macho Mama, nikijua ataona usoni mwangu kwamba nataka waondoke. Mama alinitazama, halafu akatulia kabisa, akapanga vizuri khanga yake miguuni kama mtu aliyefika kwake. Nilitaka kupiga kelele.

Viboko vilipoanza nilikwenda upande wa wale waliokuwa wakiondoka, ili nisiwafikie nyie. Huko niliwasukuma watu kwa kitako cha bunduki, mzee mmoja akaanguka. Simjui jina. Nilipopita karibu na Felista sikumtazama kwa sababu ningemtazama ningemnyanyua, na ningemnyanyua pale mbele ya watu sijui ingekuwaje. Sasa sipati usingizi kwa kutomnyanyua.

Ila nakuuliza tena, na nijibu, maana swali hili linanila. Kwa nini hamkusimama? Mngesimama, mkono wa Felista ungekuwa mzima. Nina hasira na nyie na nina hasira na nafsi yangu, wala sijui kubwa ni ipi.

Mikidadi


Kilundwa
16 Machi 1911

Mikidadi, marahaba.

Nimesoma swali lako nikaweka jembe chini. Kumbe hujui.

Kwetu mtu akikaa kwa ajili ya ardhi ya ukoo, hainuki mpaka mjomba wake aseme inukeni. Akiinuka kabla, ardhi ameiacha, na hairudii tena, yeye wala watoto wa binti zake. Wale wenzetu hawakuondoka kwa amri ya Bwana Mkubwa. Waliinuliwa na wajomba zao. Wa kwetu alikuwa amesimama mbele yetu na kofia kichwani.

Ulipomkazia macho Mama ukanyamaza, Mama alitugeukia akasema, "Mmemwona? Anataka tuendelee kukaa. Tulieni." Ndiyo sababu ulimwona ametulia. Alikuwa anakuonea fahari. Viboko vinashuka, na yeye anasema, "Mwanangu anajua anachokifanya."

Neno moja lingetosha, Mikidadi. Hata ungelisema kwa ukali wa kiaskari, tungeinuka tukaenda zetu. Nasi hatukujua kwamba hulijui. Mjomba Pazi alifariki hujakaa naye, na sisi wanawake tulidhani mambo haya kwa mwanamume wa ukoo huja yenyewe, kama ndevu. Kosa hilo ni letu pia, nami sitaki ulibebe peke yako.

Andrea ametoka. Blanketi alijua ni lako, lilinuka sabuni ya boma.

Sasa sikia la mwisho. Mama anasema kile kikao hakijafungwa, kwa kuwa tuliondolewa kwa kuburutwa, hatukuinuliwa. Jumatatu ya tarehe 27 tunarudi, ukoo wetu peke yetu. Kama kigoda umekiacha, tuletee neno kwa mkono wa Kibwana tutafute mwingine. Kama hujakiacha, sasa unajua kazi yake. Sikulazimishi. Najua huko wana mnyororo, na najua mnyororo haubagui waliousimamia jana.

Dada yako akupendaye,
Scholastika


Gerezani, Dar es Salaam
25 Aprili 1911

Dada Scholastika, shikamoo. Mwambie Mama namwamkia pia.

Karatasi nimepewa na mlinzi mmoja niliyesoma naye. Ananiambia niandike upesi, lakini hata shuleni alikuwa mtu wa haraka, kwa hiyo simsikilizi.

Sijui siku ile mliona nini, maana mliondoka mkinipa migongo. Mimi nitakwambia nilivyoona. Mlipofika mkakaa, nilingoja kidogo nikidhani miguu itagoma. Haikugoma. Niliweka bunduki chini polepole, kwa kuwa ikianguka watu hushtuka, nikavua kofia nikaiweka juu yake, nikaja nikakaa mbele ya Mama. Nilisikia Felista akisema, "Mjomba amekuja," kama mtu anayesema uji umeiva.

Niliyomwambia Bwana Mkubwa mliyasikia: mahindi, makaburi, nyumba ya Mama, na kwamba hatukatai msitu, tunaomba mawe yasogezwe juu kidogo. Kijerumani changu ni kibovu, ila niliongeza na hicho. Akajibu kwamba atafikiri, na kwanza watu waondoke. Nyie mlikuwa mnamtazama yeye. Mimi nilikuwa namtazama ombasha, na ombasha alikuwa ameshawapanga watu wake na viboko nyuma ya ukuta. Nikautazama mkono wa Felista uliofungwa. Nikasimama, nikasema, "Inukeni. Nendeni nyumbani."

Mliinuka wote pamoja, wazee kwa watoto. Uwanja mzima zilisikika nguo zikipukutwa vumbi, basi. Wale waliokuwa wameshatoka nyuma ya ukuta na kuinua viboko walibaki navyo juu, hawajui wavifanyie nini. Nimekuwa askari muda sasa, sijaona amri inayotiiwa hivyo. Mama hakugeuka kuniaga, na safari hii najua kwamba ukishainuliwa hugeuki.

Bwana Mkubwa aliniuliza jambo moja tu. Ikiwa unawainua kwa neno moja, si ni wewe uliyewakalisha? Niliona hana kosa. Kikao ni changu. Nikamwambia ndiyo. Nikapata viboko hamsa ishirini na kifungo cha mnyororo cha miezi sita. Mgongo umeshakauka, usiwaambie watoto.

Kibwana alipita stesheni siku tuliyopandishwa gari la moshi, akanidokeza kwamba wako wanaonilaumu huko, eti niliwainua kabla jibu halijatoka. Wana haki. Labda mjomba mwingine angewakalisha mpaka mwisho. Mimi sikuweza kuona mkono mwingine ukivunjika. Kama Mama amempa mtu kigoda, niambie. Sitanung'unika. Niambie kweli tupu, kwa kuwa uongo katika barua hizi niliuanza mimi.

Mdogo wako,
Mikidadi


Kilundwa
22 Mei 1911

Mikidadi, mdogo wangu, marahaba.

Umetaka kweli tupu, basi ichukue. Mawe hayajasogea. Tumeruhusiwa kuvuna mahindi, na tukishavuna tunahamia kule chini kwenye vichaka, upande wa misheni. Mama hupanda kwenda makaburini anapotaka. Mlinzi wa msitu akimwona hugeukia upande mwingine na kuanza kuwatazama ndege, mpaka Mama anasema kijana yule atakuja kuvunjika shingo.

Ni kweli wako wanaokulaumu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilishuka siku ile nimeukaza moyo nipigwe tena, hata nifungwe, ila niondoke na jibu, na wewe ukaninyima. Nilikasirika njia nzima ya kupanda mlima na siku kadhaa baadaye. Halafu asubuhi moja nilimkuta Felista anamenya ndizi kwa mikono miwili. Nikasimama pale mlangoni nikamtazama mpaka akaniuliza nina nini. Sina hasira nawe tena. Nililia nikisoma habari za mgongo wako, na watoto sikuwaambia.

Sasa kigoda. Jumapili baada ya misa tulikaa kiwanjani kwa Mama, ukoo wote, kulizungumza. Wale wanaolaumu walisema mjomba aliye kwenye mnyororo hawezi kutukatia mashamba mapya, na hilo nalo ni kweli. Likatajwa jina la Lukasi, yule wa ng'ambo ya mto, mjukuu wa dada yake bibi. Mtu mpole, hana neno na mtu. Wakazungumza sana, na mwisho karibu wote wakaridhia awe yeye. Mama hakusema kitu. Nilidhani ni masikio.

Mara wingu likashuka, watu wakakumbuka mpunga walioanika. Kila mtu akataka kwenda na hakuna aliyeinuka. Tukamgeukia Lukasi, atuinue. Akafungua kinywa. Akakifunga. Halafu akasema taratibu, "Jamani, mimi siwezi. Mwenyewe yuko hai." Na mvua ikaanza.

Tulikaa, Mikidadi. Watu wazima na akili zetu, tumekaa kwenye tope, mpunga unalowa kila nyumba, hakuna wa kutuinua. Maji yalikuwa yanamchuruzika Mama puani. Akasema, "Haya, nadhani jibu limepatikana." Tukaanza kucheka, kwanza Bernadeta, halafu Lukasi mwenyewe, mpaka watoto wakatushangaa. Mwisho tulikimbia kila mtu kivyake, na Mama ametoa ruhusa kwamba kukimbia mvua hakuhesabiwi kuwa ni kuinuka.

Kwa hiyo kikao hakijafungwa. Ukitoka, usipitie kwanza kwa mtu mwingine yeyote. Njoo moja kwa moja huku juu, utukute tumekaa.

Dada yako,
Scholastika